Ukili wa Mkono Mmoja

Nyumba Na. 12, Kota Mpya,
Mtwara.
14 Januari 1954

Mdogo wangu Somoe,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama mdogo Mwanakombo, na Baba Bakari, na wale wasichana wako kumi na mmoja unaowafundisha kusoma uani. Mimi sijambo, na Athumani hajambo; kazi yake ya ukarani bandarini inampendeza. Dereva wa Ramzanali, yule mwenye duka ambaye lori lake huja kwenu kununua korosho, ameniambia Mama mdogo aliteleza kisimani akateguka mkono. Je, umepona? Mwambie asinyanyue ndoo, hata kama atakuita mjeuri kwa kumnyang'anya.

Sasa neno lenyewe. Athumani ana mwenzake ofisini, anaitwa Salumu, kijana mtulivu, hana mke. Amepewa nyumba namba 14, jirani na yetu, na anatafuta binti aliyesoma. Athumani amemtajia jina lako. Posa itafuata njia yake ya heshima. Mimi nimeombwa nikueleze mahali penyewe, kwa kuwa mama yangu alipofariki tulilala kitanda kimoja mimi na wewe kwa Bibi, Mikindani, na neno langu utaliamini.

Basi nakueleza. Watu wa Mtwara wakipita na baiskeli hupunguza mwendo ili watazame Kota Mpya. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wakubwa wa mradi wa karanga. Mradi ulipokufa zikakaa tupu, kisha wakapewa makarani. Kuta ni za saruji, paa la bati, sakafu nyekundu inayong'aa. Bomba limo jikoni: unafungua, maji yanakuja. Choo kimo ndani. Mkokoteni wa makaa unapita kila Jumamosi mpaka mlangoni. Kikapu cha sokoni analeta Athumani mwenyewe akitoka kazini. Madirisha yana wavu, mbu hawaingii. Mbuzi hawaruhusiwi, wachuuzi hawaruhusiwi, ngoma haziruhusiwi. Kila nyumba ina ua wake wa michongoma, hakuna wa kukuchungulia. Mchana kuna utulivu kiasi kwamba unasikia bati likilia kwa jua.

Huna utakachokihitaji, Somoe, ukalazimika kukifuata nje.

Wako dada,
Mwanahawa


Kilambo,
9 Machi 1954

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Barua yako ya Januari nimeipata juzi, imelowa na kukauka mara mbili. Lori lilikwama kwenye tope kabla ya Madimba, likakaa huko mpaka watu wakaotesha nyanya pembeni yake, ndivyo dereva anavyosema. Mama amepona mkono, na ndoo ananyanyua. Baba ana homa yake ya kila masika, hataki dawa, anataka uji. Wasichana wangu wamekuwa kumi na watatu.

Mama aliniambia niisome barua yako kwa sauti uani, wanawake wakiwepo. Ungekuwepo ungecheka.

"Maji yanatoka ukutani?" akauliza Fatuma, jirani yetu. "Na ukuta haulowi?"

"Unalowa wako," Mama akamwambia, "unaokusubiri uukandike tangu mwaka juzi."

"Na mbuzi hawaruhusiwi? Basi mume wangu nyumba huko hapati."

Walicheka mpaka ukili wa mikeka waliokuwa wakiusuka ukawatoka mikononi. Lakini Mama hakucheka sana. Alisema: "Mwanahawa akisema ni pazuri, mimi sina neno." Kwa hiyo ujue, dada, sina mwingine wa kumwuliza. Neno lako ndilo nitakaloolewa nalo.

Nakuuliza matatu. Jirani yako wa upande wa pili ni nani? Mchana unasuka na nani? Na kati ya namba 12 na 14 kuna mlango wa uani? Unakumbuka kwa Bibi tulivyotoka uani kwetu tukaingia uani kwa jirani, tukapita nyumba saba mpaka kisimani, bila buibui, bila kukanyaga njia ya wanaume hata hatua moja. Kama mlango upo, hata bomba silitaki.

Swali la nne ni la utani. Nani amekusahihishia barua kwa wino mwekundu? Wewe, uliyekuwa ukitusahihisha darasa zima?

Mama amekufungia ukindu wa kusukia, umechanwa chane, mwingine umetiwa rangi. Anasema usuke ukili wa mkeka wa bi harusi kama ilivyo desturi yetu: kila mwanamke wa mahali ninapokwenda asuke pima moja, ili nikilala nilale juu ya mikono ya watu wanaonijua. Wewe anza, kisha uwazungushie wenzio.

Mdogo wako,
Somoe


Nyumba Na. 12, Kota Mpya,
Mtwara.
20 Aprili 1954

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa homa ya Baba. Sisi tu wazima. Athumani amepata baiskeli mpya. Mimi nilikuwa na kikohozi, sasa kimekwisha. Tunajiandaa kwa Ramadhani. Tende zimeshafika kwa Ramzanali.

Ukindu umefika. Ulikuwa umekauka kidogo, nikaulowesha. Maji ninayo.

Kuhusu wino, Athumani hunisaidia. Anasema barua inayotoka nyumba ya karani isiwe na kosa. Ni mwema, hajanipandishia sauti tangu anioe, na huu ni mwaka wa tatu.

Uliniuliza habari za jirani. Namba 10 wana pazia la kijani, zuri, huwa limefungwa vizuri. Wanawake wa hapa ni wastaarabu. Hakuna anayeingia kwa mwenzake bila sababu, na sababu hazipatikani kwa kuwa kila kitu kimo ndani. Kati ya 12 na 14 kuna ua wa michongoma. Mtu wa bustani anaukata kila mwezi kwa mkasi mkubwa, umenyooka kama mstari wa daftari. Wageni wa kulala huandikishwa ofisini, hawazidi siku tatu, na hiyo inasaidia usafi.

Bomba halijakatika hata siku moja.

Ukili nimeuanza.

Wako dada,
Mwanahawa


Kilambo,
6 Juni 1954

Dada Mwanahawa, shikamoo, na Idd njema ingawa imepita.

Tulifunga salama. Baba amepona. Muhogo mwaka huu ni mwingi mpaka tunawapa watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Fatuma ameukandika ukuta wake.

Posa imefika. Alikuja mjomba wake Salumu na mzee mmoja wa Mtawanya, wakakaa, wakala, wakasema maneno mazuri. Salumu mwenyewe hakutuma kanga wala marashi. Alituma madaftari, dazeni moja na nusu, kwa wasichana wangu. Niliyaweka mapajani nikayafungua moja moja. Nani amemfundisha kunijua hivyo? Ni wewe?

Nakuambia kwa sababu hatujawahi kufichana: moyo wangu unasema ndiyo. Najua nikiolewa nitawaacha hawa kumi na watatu wakiwa nusu ya kitabu, na hilo linaniuma. Lakini nikifikiri kwamba asubuhi nitaamka na wewe uko upande wa pili wa ukuta, naona nimepewa zaidi ya ninachoacha.

Ila dada, nimekuuliza mlango, umenijibu ua. Nimekuuliza jirani, umenijibu pazia. Nimekuuliza unasuka na nani, hukunijibu kabisa; umenisifia bomba mara ya pili. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelainika. Pengine ni mimi tu, ninasoma sana.

Baba ameomba muda mpaka mwisho wa Agosti. Mama anasema hatatoa jibu kabla hajaushika ukili. Uulete. Ukiniambia njoo, nakuja.

Somoe wako


Nyumba Na. 12, Kota Mpya,
Mtwara.
25 Julai 1954

Mdogo wangu Somoe,

Salamu kwa wote. Hali zetu njema. Salumu anasubiri kwa subira na Athumani anamsalimu Baba.

Ukili ndio huu, pima kumi na nane. Mpe Mama mdogo mkononi, aupitishe wote kwenye vidole, asiishie pima ya kwanza.

Habari za Kota Mpya nilikuandikia Januari. Sina la kuongeza.

Dada yako,
Mwanahawa


Kilambo,
30 Agosti 1954

Dada,

Ukiisoma barua hii, basi bunda la ukili umelifungua mwenyewe, kama nilivyoomba kwa Mungu. Nimeikunja nikaiweka katikati kabisa. Barua nyingine, ile ya salamu, imekwenda kwa njia ya kawaida. Hiyo mwachie mwenye wino mwekundu.

Nakusimulia siku ulipofika ukili wako. Wanawake walikuwa uani, Fatuma na wengine watano. Mama akatandika kanga, akalifungua bunda, akaanza kuupitisha ukili kwenye vidole, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Fatuma akasema, "Umesukwa vizuri, tazama ulivyonyooka!" Mama aliendelea. Alifika pima ya tano, akafika ya kumi. Uso wake ukawa unabadilika.

"Fatuma," akasema, "nionyeshe hapa mkono mwingine unapoanza."

Fatuma akashika, akapapasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Wote wakashika. Unajua ulivyo ukili wa nyumba yenye watu: hapa mtu amevuta sana, pale amelegeza kwa kucheka, pale ametoka kumtazama mtoto akarudi na kukosea chane. Mgeni hakai kwetu bila kupewa ncha asuke. Ukili wa Mama una mapindi kama njia ya kwenda kisimani.

"Haupo," Fatuma akasema.

"Pima kumi na nane," Mama akasema, "mkono mmoja. Mwanangu huyu hajaketi na mtu."

Kisha Mama akaukunja ukili, akauweka mapajani, akaniambia: "Mwite baba yako." Jibu limekwenda kwa mjomba wa Salumu, kwa heshima, kwamba mama wa binti hawezi kumwacha aende mbali. Jina lako halikutajwa. Madaftari tuliyarudisha, Salumu akayatuma tena, akasema ni ya wasichana, si ya posa. Nililia kwa hilo. Ni mtu mwema, dada, na wako pia nadhani ni mwema, na ndiyo maana sijui nimkasirikie nani.

Je, ulijua? Uliusuka hivyo ili Mama auone, au ni hivyo tu ulivyotoka?

Ukili wako Mama hakuushona mkeka. Ameuongeza. Kila mwanamke wa hapa amesuka pima yake kuanzia ulipoishia, na mimi yangu, na wasichana wangu wamesuka moja kwa zamu, utaijua kwa ubaya wake. Ncha tumeiacha wazi. Mama anasema umwambie mumeo kwamba Mama mdogo wako ana mikeka mingi ya kushona mwaka huu na mkono wake haujapona, kwa hiyo ukili utakuwa unakwenda na kurudi kwa lori la Ramzanali. Hawezi kumnyima mgonjwa.

Somoe


Nyumba Na. 12, Kota Mpya,
3 Oktoba 1954

Somoe,

Leo sianzi na salamu, nisamehe. Nina saa moja kabla Athumani hajarudi.

Umeniuliza kama nilijua. Nilijua, lakini sikilize kwanza, usinipe sifa ambazo si zangu.

Nilitaka uje. Athumani aliponitajia Salumu na namba 14, nilifurahi, na barua ya Januari niliiandika kwa hamu, bila kulazimishwa. Hakuna neno la uongo ndani yake. Bomba lipo, makaa yanakuja, kikapu kinaletwa. Nilichoacha bila kukuambia ni hesabu yake. Kwa Bibi nilitoka kwa sababu ya maji, nikatoka kwa sababu ya kuni, nikatoka kuomba chumvi, kupeleka sahani, kuuliza kama mtoto wa fulani amepona. Hapa kila kilicho kizuri kimeniondolea sababu moja. Siku walipotengeneza choo cha ndani iliondoka ya mwisho. Nikimwambia Athumani nataka kutoka, haniambii hapana. Ananiuliza kwa upole, "Umekosa nini?" Nami natafuta cha kutaja, sikioni. Mlango haujafungwa na mtu, Somoe. Nyumba ya Bibi ina mpangaji sasa; hata ndotoni sijui nirudi wapi.

Mwezi wa Mei alipita mwanamke wa Ziwani, Hadija, akiuza muhogo kwa kujificha. Akasimama dirishani kwangu.

"Mama, toka uchague."

Nikamwambia, "Nipitishie hapa."

"Muhogo unapita kwenye wavu? Toka, mwanangu, hatua tatu tu."

Sikutoka. Sijui kwa nini. Nilisimama tu. Akanitazama, akacheka, akasema, "Wewe umeolewa au umewekwa akiba?" Kisha mlinzi akaja na fimbo na yeye akakimbia, muhogo mmoja ukaanguka barabarani. Ulikaa pale mpaka jioni. Hakuna aliyetoka kuuokota katika mtaa mzima, kwa kuwa hakuna anayehitaji muhogo.

Basi huo ulikuwa upweke, nami nilitaka kuugawa na wewe. Nilipopata ukindu wa Mama mdogo na maneno yake, niliwaza, usinidhanie mtu mwovu: nitaghushi. Mikono yenu yote naijua. Nikasuka pima moja kwa kuvuta sana, nikaipa jina la mwenye pazia la kijani ambaye sijawahi kuuona uso wake. Nikasuka ya pili kwa kulegeza, nikamtunga mke wa karani wa forodha, mnene, mcheshi. Ya tatu nilikosea chane makusudi, nikajisemea huyu ana mtoto mchanga. Nilikuwa nazungumza nao, Somoe. Nilikuwa nacheka. Siku nne nilikuwa na majirani. Mama mdogo angeshika na kusema ndiyo.

Siku ya tano nikafika kwenye pima niliyotaka kuisuka kwa mkono wako, ule wako wa kushoto unaoelemea upande, ili nione itakavyokuwa ukishafika. Nikaisuka, ikatoka sawasawa na mkono wako. Nikaitazama, nikakuona umekaa namba 14 unasuka mkono wangu kwa kukosa mtu. Nikafumua zote nne mpaka chane zikakatika, nikaanza upya, wangu tu, hata chembe sikuupotosha. Athumani alikuwa amekaa kando yangu akisoma gazeti. Akasema ukili umenyooka vizuri.

Jibu lenu lilipofika nililia siku mbili, wala si kwa furaha. Ujue hivyo. Siku ya tatu niliweza kula.

Sasa hili ndilo linalonitesa leo. Salumu amepata mchumba mwingine, wa Lindi, amesoma, jina lake Mariamu. Jana Athumani alinipa karatasi nzuri ya ofisi. "Mwandikie kama ulivyomwandikia Somoe," akasema. "Ile ya Januari sikuona cha kusahihisha ila nukta." Mariamu hana mama mwenye vidole vya kusoma ukili wangu. Tangu asubuhi nimekaa mezani. Athumani alipokuja kula mchana aliniona ninaandika, akafurahi, akatembea kwa kunyata. Anadhani hii ndiyo barua ya Lindi.

Nitaiandika, kesho, na itakuwa fupi. Nitamwambia jina langu na namba yangu. Nitamwambia wanawake wa hapa hawaingii kwa wenzao, kwamba mimi hapa mwaka wa tatu sijamjua jirani hata mmoja, kwamba ua kati ya 12 na 14 umeota vizuri na hauna mlango. Kisha nitamwuliza kama hayo yanamfaa. Wino mwekundu hautagusa kitu. Kwa Athumani hizo zote ni sifa. Mariamu kama ana dada, au ana rafiki wa kumsomea kwa sauti uani, atasikia.

Ukili wenu nimeushika. Usiniambie ipi ni ya nani. Ya Fatuma niliijua kabla sijaifikia, imekaa kama kicheko. Ya wasichana wako kweli ni mbaya. Nimelala nayo chini ya shavu. Yako imeelemea kushoto, si kama ile niliyoighushi, imeelemea zaidi. Nimesuka pima zangu tano kuanzia ncha mliyoacha, na safari hii sikujitahidi inyooke. Mama mdogo auguse. Mwambie mkono wake usipone upesi.

Baiskeli inaingia. Nimeiweka barua ndani ya bunda, nimeitoa tena ili niandike mstari huu, ninairudisha. Bunda la safari hii ni zito, na mwanamke hatembei na mzigo barabarani katika Kota Mpya. Kwa hiyo atalibeba Athumani mwenyewe begani mpaka kwa Ramzanali, na atanidai nimsifu kwa kulibeba.

Nitamsifu.

Mwanahawa